Debe la Juni: jibu kwa mwalimu mkuu aliyeuliza kuhusu sera ya lishe na michezo

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Tuna wanafunzi kama 400, wote wa kutwa. Kwenye kikao cha kata tulikubaliana kila shule iandike sera yake ya lishe na michezo. Nimepewa mfano wenye kurasa nyingi, na sehemu kubwa inazungumzia soda, mashine za kuuzia vitafunwa na watoto wenye uzito mkubwa. Kwetu uji unapikwa Julai hadi Septemba, kisha unakatika. Wazazi wanasema elimu ni bure. Kipindi cha michezo nacho kimechukuliwa na maandalizi ya mitihani. Nianzie wapi, na niandike nini ili isije ikawa karatasi ya kabatini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole na kazi. Katika barua yako sentensi niliyoirudia ni ile ya uji kukatika baada ya Septemba. Anzia hapo. Shule ya Kanda ya Kati ikitaka sera inayotekelezeka, iandike kwanza chakula kitaingia ghalani mwezi gani, kitalindwa na nani na kitamfikia nani. Mengine yote, michezo ikiwemo, yatafuata. Mtoto aliyetembea kilomita nne asubuhi bila kitu tumboni huwezi kumpeleka uwanjani ukasema unamjengea afya.

Huo mfano uliopewa nadhani umetoka mbali. Sera za namna hiyo zimewekwa kisheria Marekani. Sheria ya mwaka 2004 ilizitaka mamlaka za shule zinazoshiriki mpango wa serikali wa chakula cha shuleni ziwe na sera ya afya ya wanafunzi kufikia mwaka wa masomo wa 2006–2007. Sheria nyingine ya 2010 ikaongeza kwamba wazazi, wanafunzi na walimu washirikishwe, na wananchi wapewe taarifa ya utekelezaji. Kanuni za 2016 zikataka tathmini kila baada ya miaka mitatu. Ni utaratibu mzuri. Lakini kule chakula cha mchana cha shuleni kina ruzuku ya serikali kuu tangu 1946, kwa hiyo sera zao hazihangaiki na chakula kitoke wapi. Zinahangaika kisizidi sukari, chumvi na mafuta. Wewe chukua kwao mambo mawili tu: kumtaja mtu anayewajibika, na kutoa taarifa hadharani. Kurasa zilizobaki ziweke kando bila wasiwasi.

Msingi wako wa hapa nyumbani upo. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi wenye tarehe ya 2020, na afisa lishe wa halmashauri yako anapaswa kuwa na nakala. Mwombe. Usione haya kumsumbua: mwaka 2022 wakuu wa mikoa yote walitia saini mikataba ya lishe mbele ya Rais Samia, na tangu hapo halmashauri zinapimwa kwa yanayofanyika huko chini. Shule yako ikifanya vizuri, afisa lishe naye ana cha kuandika kwenye taarifa yake ya robo mwaka.

Sasa tuje kwenye kalenda. Dodoma tunapata mvua msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 tu. Mavuno yanaingia Mei hadi Julai. Kufika Novemba vihenge vya familia nyingi vimeanza kuonyesha chini, na Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu kuliko yote: chakula kimekwisha, palizi imepamba moto, na mahudhurio yanashuka. Ukitazama daftari lako la mahudhurio utaliona jambo hili bila mtu kukueleza. Maana yake ni kwamba uji wenu unapikwa wakati ambao nyumbani bado kuna chakula, na unakatika wakati mtoto anauhitaji kuliko chochote. Si kosa la mtu mmoja. Ndivyo inavyokuwa kila mahali ambapo mchango unaombwa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, hadi mzazi anafika mwezi ambao hana hata cha kwake.

Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha sera yako kiwe hiki: chakula cha mwaka mzima kinakusanywa mara moja, kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai, nafaka ikiwa mkononi na bei yake iko chini. Kabla ya hapo, Mei, mkutano wa wazazi ukae na uamue kiasi. Usiende kwenye mkutano huo na maneno matupu, nenda na hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Uji wa gramu 50 za unga kwa mtoto kwa siku ni kilo 9.7 kwa mwaka. Mkitaka chakula kamili cha mchana, makadirio ya kawaida ni gramu 120 za nafaka, gramu 30 za kunde au maharage na gramu 5 za mafuta. Hiyo ni nafaka kilo 23, kunde karibu kilo 6, na mafuta kama lita moja, kwa mtoto mmoja, kwa mwaka mzima. Yaani debe moja na nusu debe hivi la mtama au uwele, visado kadhaa vya kunde na chupa ya mafuta ya alizeti. Mzazi akisikia "changia chakula cha shule" anaona mzigo usio na mwisho. Akisikia kiasi hicho anakaa na mwenzake, wanapiga hesabu ya shamba lao.

Kwa watoto 400, uji peke yake ni karibu gunia 39 za kilo mia. Chakula cha mchana ni gunia 93 za nafaka na gunia 23 za kunde. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya panya, pumba na kumwagika. Ukiona ghala lenu haliwezi kubeba gunia mia, anzeni na uji kwa mwaka wa kwanza, lakini uwe uji wa siku zote 194. Mimi ningechagua uji mwepesi usiokatika Februari kuliko wali na maharage ya miezi miwili.

Kuhusu "elimu ni bure": wazazi wanaosema hivyo hawajakosea kabisa, na ni vizuri uwaanzie hapo. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo uligawa majukumu. Serikali ilichukua ada na gharama za uendeshaji. Mzazi wa mwanafunzi wa kutwa alibaki na jukumu la sare, madaftari na chakula cha mwanawe. Waraka huohuo haumruhusu mwalimu kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Mambo haya mawili yasomwe pamoja, na yasomwe na mwenyekiti wa kamati ya shule au mwenyekiti wa kijiji. Wewe mwalimu mkuu ukisimama kudai mahindi, kesho utasikia kwamba walimu wanakula mahindi ya watoto. Uamuzi uwe wa wazazi, muhtasari uandikwe na mtendaji wa kijiji, mahudhurio yasainiwe.

Na funguo zisikae kwako. Nimeona shule ambako kila kitu kilikuwa tayari, masufuria, jiko, nafaka, na yote yakafa kwa sababu ya minong'ono ya gunia mbili ambazo hakuna aliyejua zilikwenda wapi. Ghala liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mzazi aliyechaguliwa na mkutano, mwingine kwa mwalimu wa zamu wa chakula, na lisifunguliwe bila wote wawili kuwepo. Daftari la ghala lisainiwe kila asubuhi: kilichotoka, watoto waliokula, kilichobaki. Mwisho wa mwezi ukurasa huo unakiliwa kwa kalamu nzito kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ofisi ya kijiji. Hayo ndiyo matangazo yatakayoleta debe la mwaka ujao.

Hapa nakuomba usimame kidogo, maana kuna jambo linaloniuma katika shule nyingi zenye uji. Ni yule mtoto ambaye kwao hawakuchangia. Anaitwa jina mbele ya wenzake, au anaambiwa asubiri pembeni wenzake wamalize, na akibahatika anakwanguliwa sufuria. Mara nyingi ni yatima anayelelewa na bibi, au mtoto wa mama anayelima vibarua kwenye mashamba ya watu. Yaani uji unamkwepa yuleyule ambaye uliwekwa kwa ajili yake. Sera yako iseme wazi, na ukitaka chukua maneno haya kama yalivyo: "Hakuna mwanafunzi atakayenyimwa chakula, kucheleweshwa, kutengwa au kutajwa hadharani kwa sababu mzazi au mlezi wake hajachangia. Suala la mchango ni kati ya kamati na mzazi."

Ili kifungu hicho kisiwafanye waliochangia wajione wajinga, kiwekewe njia. Mzazi asiye na nafaka atoe nguvukazi: kuchota maji, kujenga jiko, kulinda ghala, kupika kwa zamu. Kaya ambazo mkutano wenyewe unakiri hazina uwezo zifidiwe na shamba la shule. Ekari mbili tatu za uwele au mtama, zikilimwa na wazazi kwa siku maalumu, zinatosha kuziba pengo hilo mvua ikiwa ya wastani. Shamba lisilimwe na watoto kama adhabu. Nitalirudia hili nikifika kwenye michezo. Na kwa mzazi mwenye uwezo anayekataa tu, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupendekeza sheria ndogo, na hilo ni la mtendaji na mwenyekiti. Mtoto hahusiki kwa lolote.

Jambo la pili ambalo sitaki ulipitie haraka ni usalama wa hiyo nafaka. Unakumbuka mwaka 2016, watu waliougua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Wagonjwa waliothibitika kuhusishwa na mlipuko ule walikuwa 68, na 20 kati yao walipoteza maisha. Sumukuvu inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokauka vizuri. Haionekani kwa macho, na hapa ndipo watu wengi wanapopotoka: kuchemsha hakuiondoi. Uji ukichemka saa nzima, sumu imo. Sasa fikiria shule inayopokea mahindi kutoka kaya mia mbili na kuyachanganya ghala moja. Debe moja bovu linaingia kwenye uji wa watoto wote.

Kwa hiyo mapokezi yawe na masharti, na yaandikwe. Nafaka ianikwe juu ya turubai au mkeka, kamwe isianikwe ardhini. Ipokelewe ikiwa imekauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi; afisa ugani wa kata anaweza kuja na kipima unyevu, na mkikosa, njia ya chumvi kavu kwenye chupa inasaidia: weka chumvi iliyoanikwa juani pamoja na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika kumi na tano; chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zichambuliwe mbele ya mzazi mwenyewe, naye asizipeleke kwa kuku wake. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Fedha ikiruhusu, nunueni mifuko isiyopitisha hewa. Inazuia dumuzi bila dawa, na kwa chakula cha watoto hilo ni jambo kubwa. Pale Mtanana wilayani Kongwa serikali imejenga kituo cha mambo ya usimamizi wa mazao baada ya mavuno kupitia mradi wake wa kudhibiti sumukuvu, kwa hiyo utaalamu huu hauko mbali na wewe.

Utasikia watu wa lishe, mimi nikiwemo, tukisisitiza dona badala ya sembe, kwa sababu sembe imevuliwa pumba na kiini, na vitamini na madini mengi yamekwenda nayo. Ni kweli. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye sehemu hizo za nje. Dona ya mahindi yaliyokauka na kuchambuliwa ni chakula bora. Dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe. Agizo la dona na agizo la kuchambua yakae sentensi moja kwenye sera yenu, yasitenganishwe.

Na kwa nini mahindi? Swali hili huwa nawauliza wazazi wa Kigogo na wanacheka, kwa sababu wanajua bibi zao wangejibu nini. Mahindi Chamwino yanashindwa mwaka mmoja kati ya michache. Uwele na mtama vinavumilia. Uwele una chuma nyingi kuliko mahindi, tena ukilinganisha na sembe tofauti ni kubwa, na upungufu wa damu ni moja ya matatizo makubwa ya watoto na wasichana wetu. Watafiti wa TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, pale Hombolo wamejikita kwenye mtama na uwele, na mbegu zinazokomaa mapema zinapatikana. Uji wa uwele wa gramu 50 unampa mtoto takriban kilokalori 180. Ukitia gramu 10 za karanga zilizosagwa, zilizochambuliwa kama nilivyosema, unafika karibu 240 na protini inapanda.

Kisha kuna ubuyu. Mibuyu imejaa kwenu, na unga wake mweupe una vitamini C nyingi kuliko machungwa. Vitamini C inasaidia mwili kufyonza chuma iliyomo kwenye nafaka na kunde. Kijiko kimoja cha unga wa ubuyu kikoroge kwenye uji ukishaepuliwa na kupoa kidogo, kwa sababu moto mkali unaharibu vitamini hiyo. Ule ubuyu wa rangi nyekundu unaopikwa na sukari, wanaouza kwenye vifuko, ni pipi. Usihesabike kama tunda. Chai ya rangi nayo isiende pamoja na chakula, inazuia chuma kufyonzwa.

Mlenda mnao, na wakati wa masika mlenda na majani ya kunde yanaota hadi kwenye njia. Wakina mama wanajua kuyakausha. Shule ikusanye wakati huo na kukausha kivulini, penye upepo, kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A. Ukiupika mlenda na karanga au kijiko cha mafuta ya alizeti, hiyo vitamini A inafyonzwa vizuri zaidi. Mboga ya Oktoba imepatikana bila senti. Chumvi iwe yenye madini joto. Sukari kwenye uji iwe kidogo sana au isiwepo. Mkiwazoesha watoto wa darasa la awali uji usio na sukari, wakifika darasa la tatu hawaiulizii.

Wauzaji wa getini usiwafukuze. Ni wakina mama wa hapohapo, wengine ni wazazi wa wanafunzi wako. Kaeni nao, mkubaliane nani anauza, wapi, na nini: mihogo na viazi vya kuchemsha, mayai, karanga, mapera, maembe, ukwaju. Yaachwe nje ya uzio vinywaji vya kuongeza nguvu, soda, barafu za rangi na pipi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, na mtoto wa miaka minane hatakiwi kupita gramu 40 hivi kwa siku nzima. Shule za Dodoma mjini, za Kisasa au Area C, kifungu hiki kingehitaji ukurasa mzima. Kwako aya moja inatosha.

Sasa michezo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazopandisha mapigo ya moyo, na angalau siku tatu kwa wiki wafanye zile zinazokaza misuli na mifupa, kama kukimbia, kuruka na kupanda. Watoto wako wengi wanazipata dakika hizo njiani tu, na kwenye ndoo za maji. Basi kwa nini uandike kifungu? Kwa sababu kubeba ndoo hakumfundishi mtoto kucheza na wenzake, na kwa sababu mtoto aliyechezacheza anarudi darasani akili imeamka. Na kwa kweli, kwa sababu utoto una haki ya kufurahi. Mtoto anayeipenda shule kwa ajili ya netiboli ya Ijumaa atakuja Ijumaa.

Kwa hiyo kipindi cha michezo kilichopo kwenye ratiba kiandikwe kuwa hakihamishwi wala hakifutwi, hata kwa darasa la nne na la saba. Najua shinikizo la mitihani, najua matokeo yanavyobandikwa na walimu wakuu wanavyoulizwa. Lakini dakika arobaini za hesabu zinazofundishwa kwa watoto waliokaa tangu saa mbili hazina tija unayoidhania. Mwalimu anayehitaji muda wa ziada aombe kamati, na asiuchukue uwanjani.

Mchakamchaka tunao tayari, nchi nzima tumekua nao, na hauna gharama. Uwekeni siku tatu kwa wiki, dakika kumi na tano, jua halijapanda, nyimbo ziongozwe na wanafunzi wenyewe, na wanaoumwa au wasichana wasiojisikia vizuri waruhusiwe kukaa bila kuhojiwa mbele ya watu. Miezi ya Januari hadi Machi, kama uji bado haujasimama, punguzeni. Mtoto mwenye njaa asikimbizwe.

UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi nchini, ni mashindano mazuri, na Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025, watoto wa kanda hii waliona kwamba njia zao za vumbi zinafika mbali. Lakini timu ya shule inachukua watoto ishirini, thelathini. Sera inatakiwa iwaangalie wale 370 wanaobaki chini ya mti wakishangilia. Hao wape rede, mdako, kombolela, kuruka kamba, chandimu la mpira wa matambara. Wape ngoma. Muheme, ngoma ya Wagogo, ni mazoezi kamili ya mikono, mabega na pumzi, na hapo kijijini wapo wakina mama wanaoweza kuja kufundisha alasiri moja kwa wiki wakaondoka na heshima yao. Wasichana wakubwa ndio wanaoacha kucheza mapema kuliko wote: sketi, aibu, hedhi, kazi za nyumbani. Uliza wao wenyewe wanataka nini. Mara nyingi jibu ni bukta ya kuvaa chini ya sketi, sehemu ya kubadilishia, na mwalimu wa kike uwanjani. Mwenye ulemavu apangiwe mchezo wake naye kabla kipindi hakijaanza, asiishie kutunza viatu vya wenzake.

Na lile nililoahidi kulirudia. Kuruka kichura, kuzunguka uwanja, kulima bustani: shule nyingi zinavitumia kuadhibu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kukimbia atachukia kukimbia, na aliyeadhibiwa kwa jembe atalichukia shamba ambalo ndilo litakalomlisha. Andika: "Mazoezi na kazi za shamba la shule havitatumika kama adhabu." Utapata upinzani kwa baadhi ya walimu. Shikilia hapo.

Maji na usafi nitavigusa kwa ufupi tu kwa sababu mna maelekezo ya afya tayari. Vibuyu chirizi karibu na choo na karibu na jiko, sabuni au majivu, na watoto wanawe uso pia. Kongwa jirani zenu wamepambana na trakoma, ugonjwa wa macho, miaka mingi na uso msafi ni sehemu ya kinga yake. Dawa za minyoo na kichocho zikija, zitolewe watoto wakiwa wameshakula. Wapishi wapimwe afya. Na jikoni kwenyewe, serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, nanyi mko 400, kwa hiyo ulizeni halmashauri mapema kuhusu jiko mbadala kabla wazazi hawajajenga la mafiga.

Urefu: kurasa mbili, tatu zikizidi. Kila kifungu kiwe na jina la cheo pembeni, mtu mmoja, na mwezi wake. Mwalimu wa afya na lishe aratibu, na kwenye kamati ndogo ya chakula waingie wanafunzi wawili, mvulana na msichana, kwa sababu wao ndio wanaojua kama uji ulikuwa mbichi. Pimeni vitu vichache: siku ambazo uji ulipikwa kati ya 194, mahudhurio ya kila mwezi yakilinganishwa na mwaka uliopita, vipindi vya michezo vilivyofanyika, na uzito na urefu wa watoto mwanzo na mwisho wa mwaka. Vipimo vya mtoto visisomwe mbele ya darasa, aambiwe mzazi wake. Watumieni wahudumu wa afya wanaokuja kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji. Wana mizani na wamezoea kazi.

Ukianza mwezi huu, andika rasimu na walimu wawili na wazazi watatu. Isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi wa Mei, kwa Kiswahili cha kila siku na kwa Kigogo pale wazee wanapohitaji, irekebishwe palepale, ipigiwe kura. Nakala moja iende kwa Afisa Elimu Kata, moja kwa afisa lishe wa halmashauri, na moja ibandikwe ofisi ya kijiji kando ya ile karatasi ya manila ya ghala.